Komeo la Bure

Bosi wetu tunamwita Bure. Jina hilo analijua, na nadhani analipenda. Ni mtu ambaye akipita mbele ya duka linalogawa vipakiti vya sabuni, atapokea chake, azunguke jengo, kisha arudi amevaa miwani. Kalamu zote za ofisini kwetu zina majina ya benki. Kalenda iliyo ukutani ni ya kampuni ya bima ambayo hatujawahi kukata bima kwake. Viti tulipewa na daktari wa meno aliyekuwa anahama, ndiyo maana ukiegemea kidogo tu unajikuta umelala chali, mdomo wazi.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba hata kazi yetu yenyewe ilikuwa imehifadhiwa bure. Sisi ni waandishi wa programu za kompyuta. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, na programu tunayoiandika ni moja tu, ya madobi: inajua shati la nani limeingia, limefuliwa au bado, na limetundikwa wapi. Bure anaiuza. Mchoraji, dada mmoja mpole mwenye macho makali, anachora kurasa na vitufe. Mimi na mdogo wangu wa kiume ndio tunaoandika msimbo, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini.

Msimbo huo tunauweka kwenye ghala la mtandaoni, kwa kampuni ya mbali inayotunza maandishi ya watu kama sisi. Ghala lina komeo. Huwezi kuingiza badiliko lolote kwenye programu ya wateja mpaka mwenzako alisome, aandike maoni yake chini, kisha abonyeze kitufe cha kukubali. Na kwa kuwa waandishi ni wawili tu, yangu anasoma yeye na yake nasoma mimi. Njia ya mkato hakuna.

Sasa niseme jambo ambalo Bure hakulijua. Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatusemezani.

Mama anaishi kwa mdogo wangu. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa kutoa mawe kwenye nyongo, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nikapewa habari alipokuwa ameshakaa kitandani anakunywa uji. Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini, akasema aliona bora iwe hivyo. Bora iwe hivyo! Mwenye nyongo katika ukoo wetu ni mimi, na yangu haijawahi kuguswa na daktari yeyote. Nikamwambia sitasema naye mpaka aniombe radhi. Akaniambia hana kosa. Mama alitulea kwa haki, kila kitu alikigawa nusu kwa nusu, na ukaidi nao hakutupunja hata mmoja wetu.

Basi tukanuniana. Kwake sikukanyaga tena. Mama nilimpigia simu, lakini mama kwenye simu hajambo siku zote; hata angekuwa anaungua angesema kuna joto kidogo. Nilipojaribu kumtuma ujumbe kwa mwanawe alinikatalia palepale. Alisema yeye si posta, na kwamba watu wanaokaa chumba kimoja kutwa nzima hawahitaji mama wa kuwasomea barua.

Bure alidhani kimya chetu ni bidii. Alikuwa akileta wateja mlangoni wachungulie, akiwanong'oneza waone nidhamu ya ndugu wawili wasiopoteza hata dakika kwa porojo. Mchoraji ndiye aliyejua. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Yeye hakuwa na jembe, akanunua vile visikilizio vikubwa vinavyofunika masikio yote mawili, akalima humo.

Kilichobaki kati yetu kilikuwa yale maoni chini ya msimbo. Mwanzoni tuliandikiana kama askari na mtuhumiwa. Sifuri hii imetoka wapi. Thibitisha. Rudia. Kisha siku moja, chini ya badiliko langu la kupanga majina ya wateja, mdogo wangu aliandika: "Nimekubali. Mama leo ametembea hadi getini."

Nilisoma mstari ule mpaka chai ikapoa. Nilikasirika, maana hayo ni matumizi mabaya ya mali ya kampuni. Halafu nikaandika chini ya kazi yake kwamba jina alilolipa hesabu ya punguzo halieleweki, alibadilishe, na mama asitembee peku.

Tukaendelea hivyo. Yeye aliniambia nimesahau kufunga mabano na kwamba mama amelala vizuri. Mimi nilimwambia arahisishe hesabu zake na apunguze mafuta kwenye mboga. Akanijibu kwamba mafuta yameshapunguzwa, mama ananung'unika, na mstari wangu wa mwisho hauna kazi. Mtu mwingine angesoma maoni yale angedhani mama ni sehemu ya programu. Hatukuulizana hali hata siku moja, lakini kila asubuhi nilifungua ghala kabla ya kuvua koti, na sikuwa nafuata mashati ya watu.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka kwa wenye ghala. Ilianza kwa kusema wanafurahi kutujulisha. Kampuni ya mbali ikifurahi kukujulisha jambo, shika mfuko wako. Bure alitukusanya akatusomea kwa sauti: mpango wa bure utaendelea kama kawaida, isipokuwa komeo, ambalo kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo litakuwa la wanaolipa tu.

Bure aliuliza komeo ni nini. Nikamweleza, na nilipomaliza alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu alichosikia yeye ni kwamba kila kitu kinaendelea bure.

Nilisimama kulitetea komeo kwa moto ambao hata mimi sikuutegemea. Nikasema habari za usalama, na ubora wa kazi, na makampuni makubwa yanavyofanya. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa sababu yangu. Nilipokaa, mdogo wangu akasimama. Huyu ni mtu ambaye neno moja kwake ni safari, lakini siku hiyo alizungumza mpaka jasho likamtoka, akimtazama Mchoraji muda wote ili asinitazame mimi. Alirudia hoja zangu zote, akaongeza na zake. Mchoraji alishusha visikilizio shingoni, akatutazama kwa zamu.

Bure akaturuhusu tutafute ghala lingine, ila liwe la bure.

Nililipata siku hiyohiyo. Lilikuwa linatoa komeo bila malipo kwa vikundi vidogo. Waliolijua walinionya kwamba nalo limeshabadilisha masharti yake si mara moja, lakini mtu anayezama hachagui kamba. Nikamwandikia Bure tamko la kulisifia. Kabla ya kulituma nikajaribu kuhamishia huko kazi moja ndogo ya zamani, nione safari ikoje. Msimbo ulifika mzima, kila mstari na tarehe yake na jina la aliyeuandika. Nikashuka chini kutafuta maoni. Hayakuwepo. Ghala lile lilipokea msimbo tu. Tulichosemezana juu yake kilikuwa mali ya ghala la kwanza, na kingebaki huko. Ni kama kuhama nyumba ukafanikiwa kubeba kuta zote ukawaacha wenyeji.

Nikafuta tamko langu. Kesho yake mchana nikamwambia Bure kwamba ghala lile halifai hata kidogo, na mdogo wangu, akiwa amempa mgongo kila mtu, akasema hata yeye amelijaribu asubuhi na amelichukia. Bure alikuna kichwa. Tulikuwa hatujawahi kukubaliana haraka hivyo juu ya kitu chochote, hata juu ya kufungua dirisha.

Mchoraji akatoa wazo kwamba tujitengenezee ghala letu wenyewe. Bure aliruka kwa furaha, kwa sababu alikuwa na kompyuta kuukuu aliyopewa na jamaa aliyefunga duka lake la intaneti, na tangu aipate alikuwa akiitafutia kazi. Tukaiweka pembeni, karibu na birika la umeme. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka mtu alipotaka chai. Birika lilipowashwa, umeme ulikatika chumba kizima na ghala letu likazimika pamoja na taa. Tuliwasha, likazimika tena. Bure alipendekeza tuache kunywa chai, na hiyo ndiyo mara pekee Mchoraji alipopandisha sauti tangu aajiriwe.

Ikabaki njia moja ya watu wazima, kulipia. Bure alishika kifua. Nikasema basi nitalipa mimi. Nilikuwa sijamaliza sentensi mdogo wangu akasema hapana, atalipa yeye.

Bure alitutazama, watu wake wawili wanaolia kila mwisho wa mwezi, sasa wanagombea kutoa hela zao mfukoni kwa ajili ya komeo.

"Kuna nini humu ndani?" akauliza.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ningeweza kumwambia, mbele ya wote, kwamba mimi na mdogo wangu hatusemezani, na kwamba bila komeo hatakuwa na sababu ya kuniandikia, wala mimi yeye. Maneno yalifika kooni, yakakutana na kiburi kimekaa hapo kama mlinzi wa geti. Mdogo wangu naye alikuwa anakwangua ukingo wa meza kwa kalamu ya benki.

Bure akaamua. Alisema haoni sababu ya mfanyakazi wake kulipia kazi, wala ya yeye kulipia. "Nyinyi ni ndugu, tumbo moja," akasema. "Ndugu na ndugu komeo la nini?" Mchoraji alikohoa, akavaa visikilizio vyake.

Jumatatu ilipofika komeo halikuwepo. Kulikuwa na kazi iliyokuwa inatusubiri: dobi wetu mkubwa, mama mmoja mwenye maduka kila mtaa, alitaka uzito wa nguo uhesabiwe kwa gramu badala ya kilo. Nikaandika badiliko langu, kila kilo inayoingia izidishwe mara elfu. Nilipomaliza, kitufe cha kuingiza kilikuwa kimeshawaka, kinanisubiri mimi tu.

Sikukibonyeza mara moja. Nilikaa nikiangalia kisogo cha mdogo wangu. Nilijiambia kwamba akigeuka tu, akiuliza tu nafanya nini, nitampa asome. Hakugeuka. Alikuwa anaandika, ananyamaza, anaandika tena. Nikaona basi, kumbe muda wote ule alikuwa ananisoma kwa kulazimishwa. Habari za mama zilikuwa zinapita mlango uliokuwa wazi, na sasa mlango umeondolewa pamoja na komeo lake. Iliniuma, na mimi kitu kikiniuma huwa sisubiri kipoe. Nikabonyeza.

Baada ya muda mfupi niliona naye ameingiza badiliko lake. Sikulisoma. Kama alitaka lisomwe, si angesema?

Jumanne ikapita hivyohivyo. Chini ya msimbo pakawa peupe. Nilimpigia mama simu. Akasema hajambo, akasema hata simu yenyewe haina chaji ya kutosha, akakata. Nilihisi kitu hakijakaa sawa, lakini nilikuwa nimeshazoea kupata ukweli mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa kimya.

Jumatano asubuhi dobi mkubwa akapiga simu. Bure aliiweka kwenye spika, maana mteja akipiga mapema yeye hudhani ni pongezi.

"Nina leso hapa," dobi alisema kwa utulivu wa kutisha. "Risiti yenu inasema ina gramu elfu hamsini, yaani kilo hamsini. Na mwenye shuka ameambiwa shuka lake ni tani mbili. Sasa niwatumie lori, au mnakuja wenyewe?"

Nyuma yake zilisikika sauti za watu ambao hawakuwa watulivu hata kidogo. Kumbe mdogo wangu naye alikuwa amepokea ombi lilelile. Mimi nilizidisha mara elfu nguo zinapoingia, yeye akazidisha mara elfu risiti inapotoka, na kati yetu hakuna aliyetazama mwenzake ameandika nini. Komeo lingekuwepo tungelikamata kosa lile kabla halijatoka chumbani.

Bure alichukua koti akashuka ngazi mbilimbili kwenda kuomba msamaha ana kwa ana. Mchoraji alivua visikilizio, akavikunja, akasema anaenda duka la chini kununua rangi. Hatuna ukuta hata mmoja unaosubiri rangi. Akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Tukabaki wawili. Madobi walikuwa wanasubiri, na hapakuwa na muda wa kuandikiana. Mdogo wangu alisukuma kiti chake mpaka kwenye meza yangu, akakaa upande wa kushoto, kama alivyokuwa anakaa tukiwa watoto na kitabu kimoja cha shule. Niliiambia kompyuta kwamba kuna mtu amezidisha kule mwisho. Yeye akaiambia kompyuta kwamba kuna mtu amezidisha hapa mwanzo. Nikasema lake ndilo lililo mahali pazuri zaidi, tuondoe langu. Akasema hapana, langu lina majina yanayoeleweka, tuondoe lake. Tuliondoa lake. Tukajaribu: leso ikarudi kuwa leso. Nilitaka kucheka, nikameza.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakuinuka.

"Dada," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mwaka jana. Niliendelea kutazama kioo cha kompyuta kwa sababu nisingeweza kutazama kitu kingine.

"Mama anarudi hospitali. Kuna jiwe lilibaki kwenye mrija wa nyongo, linamsumbua. Wanalitoa kesho asubuhi."

"Umejua lini?"

"Ijumaa jioni."

Nikageuka na kiti kizima. Nikamwambia leo ni Jumatano, na kwamba amenifanyia tena, tena kwa mama yuleyule, na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Aliniacha nikamaliza. Kisha akatoa simu yake akanionyesha maneno aliyoyaandika Jumamosi, ameyapanga vizuri, yameanza na "Nimekubali".

"Nilijua Jumatatu utaleta badiliko lolote," akasema. "Nilikuwa niyaweke chini yake. Nimekaa nasubiri unitumie nisome. Ukaingiza."

"Ungeweza kugeuza kiti."

"Na wewe ungeweza."

Nilikumbuka kisogo chake Jumatatu, anaandika, ananyamaza, anaandika tena, na mimi nyuma yake na hasira zangu, kidole juu ya kitufe. Niliona aibu, na niseme ukweli, niliogopa pia. Kama leso ya watu isingekuwa na kilo hamsini, kesho mama angepasuliwa mimi nikiwa hapa nahesabu mashati.

Alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema ile mara ya kwanza hakunificha kwa dharau. Alisema walimpa karatasi ya ruhusa ya upasuaji, aisome, asaini, mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu anamtazama.

"Nilishika simu nikupigie," akasema. "Nikajua utalia. Ukilia na mimi nitalia. Na karatasi ilikuwa inataka mtu wa kusaini." Akainua uso. "Safari hii sitaki kusaini peke yangu."

Radhi hakuniomba, na mimi sikumbuki kama niliisubiri. Nililia pale mezani kwa sauti, mtu mzima mimi, na yeye akalia vilevile kama alivyotabiri. Simu ya mezani iliita, bila shaka dobi, tukaiacha iite.

Nilipopata sauti nikamuuliza wanatoka nyumbani saa ngapi. Akasema alfajiri, kabla ya foleni ya magari. Nikasema kwa hiyo itabidi leo nilale kwake, la sivyo sitawahi. Akatikisa kichwa kukubali. Nikafuta uso kwa leso, nikajaribu kurudisha sauti yangu ya ukubwa.

"Wifi anajua kwamba nakoroma?"

"Anajua," akasema. "Kitanda chako amekitandika tangu Jumamosi."